MAKOFI YA ULAYA SI FATWA

  

Ndugu msomaji, iko hoja imeenea siku hizi katika mabaraza ya Pwani, tangu Tanga mpaka Kilwa, na Unguja nako imekwisha vuka. Hoja yenyewe ni hii: "Wagogo wa Dodoma wamekwenda Uingereza na zeze zao, wamepanda majukwaa makubwa, wamepigiwa makofi na maelfu ya watu. Basi ikiwa Mgogo na zeze lake amefika huko, kwa nini vijana wetu wa madrasa wasiende na dufu zao na dhikri zao, ambazo ni bora zaidi?" Mwenye kuisema huisema kwa fakhari, kisha huegemea nyuma kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Mimi naishi Dodoma miaka mingi, nasomesha watoto wa Kigogo, wa Kirangi, na wa watu wa Pwani waliofuata kazi za Serikali, na wageni wetu wameniletea hoja hiyo mpaka mlangoni. Nasema waziwazi kwamba ina uwongo wa namna mbili. Uwongo wa kwanza ni ile dharau iliyofichwa ndani yake, ya kuwa Mgogo ni kipimo cha chini na ukimpita yeye umepanda. Wa pili, nao ndio mkubwa, ni kudhani kuwa makofi ya Wazungu ni dalili ya sharia, na kwamba kitu kikishangiliwa Ulaya basi kimekwisha halalika na kutukuka.

Yataka kwanza tuwajue hao Wagogo wanaosemwa, maana wengi wanaowataja hawajui hata majina yao. Alikuwako mtu akiitwa Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma katika nchi hii ya Ugogo. Alikuwa mpigaji wa zeze na wa ilimba, yaani ile marimba ya vidole yenye vyembe vya chuma. Katika miaka ya sitini Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Mwaka 1985 ilitolewa huko London sahani ya santuri yake yeye na wenzake, iitwayo Tanzania Yetu. Mwaka 1996 ikatoka nyingine, Chibite, kwa kampuni ya Real World ya mwanamuziki wa Kiingereza, Peter Gabriel. Akaimba katika matamasha yanayoitwa WOMAD, na mwaka 2002 akafuatana na huyo Peter Gabriel katika safari yake ya Marekani, pamoja na mtoto wa nduguye, Charles. Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles hakukaa sana nyuma yake, alifariki 2004.

Katika ukoo huo huo wametoka wanawake wawili, Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake. Zamani katika Ugogo zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake wakipiga ngoma na kuitikia. Hawa wawili wamezichukua ala hizo wenyewe, na mwaka 2024 Real World ikatoa sahani yao, Maisha, iliyotengenezwa na mafundi wa Kiingereza waliochanganya sauti ya Kigogo na mashine za muziki wa kisasa. Ndio wanaosemwa barazani. Binti yangu simruhusu kupanda jukwaa mbele ya wanaume, na wako pia, msomaji, haruhusiwi, na sababu zake mnazijua tangu chuoni. Lakini sikuchukua kalamu kuwahukumu akina mama wale, ambao hawakuniuliza fatwa wala hawakudai kuwa wanafanya ibada. Wamekwenda na kazi waliyorithi kwa baba yao, wakaiita kwa jina lake.

Sasa tuitazame ile dharau. Mtu wa Pwani akimtaja Mgogo hutaja nini? Hutaja ombaomba. Hutaja mzee kipofu na zeze kando ya njia, na sarafu ndani ya kopo. Tumewacheka miaka na miaka, na watoto wetu wakajifunza kicheko hicho kabla ya kujifunza Alif. Lakini Mzungu alipomwalika Mgogo, mara tukasema, "Huyo ni wetu, Mtanzania mwenzetu!" Basi aliyembadilisha Mgogo machoni mwetu ni nani? Si Qur'ani, iliyotwambia kwamba mbora wetu ni mcha Mungu. Wala si ujirani, maana Hukwe aliishi Bagamoyo kwenyewe, mji wa maulidi na ziyara. Aliyembadilisha ni Mzungu kwa makofi yake. Tulimdharau kwa mizani ya wengine, na tumemsifu kwa mizani ya wengine pia!

Na Bagamoyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kutufundisha. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, khalifa wa Qadiriya aliyefariki 1931, aliletwa Pwani angali mtoto, mtumwa kutoka Kongo. Mtu wa bara, tena mtumwa, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa dini katika mji ule, na watoto wa mabwana wakapiga magoti mbele yake kusoma. Kwa hivyo mwenye kudhani kwamba kheri yaenda bara ikitoka Pwani tu, na asome tena.

Na hayo maneno ya Wagogo yana asili yake. Nchi hii mvua yake ni chache, na mwaka ikikosekana hakuna mto wa kukimbilia. Msafara wa Pwani uliokwenda Tabora na Ujiji ulipita hapa, ukalipa hongo kwa watemi kwa ajili ya maji na njia. Wapwani wakalaani ile hongo, wakasahau kwamba walikuwa wakinywa maji ya watu katika nchi ya kiu. Kisha ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Majeshi ya pande zote mbili yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wakawa wapagazi, na mvua nayo ikakatika. Ndipo ikaja ile njaa ambayo Wagogo waiita Mtunya, kuanzia 1917 mpaka 1920. Watu walikufa kwa maelfu mengi, wengine wakauza watoto wao wapate chakula. Wimbo wa Mgogo umebeba khabari kama hizo: njaa, ng'ombe, mvua, wosia wa wazee, na matusi pia kwa mkubwa aliyedhulumu. Ni maneno kabla ya kuwa sauti.

Hapa ndipo ilipo shabaha yangu, na nakuomba msomaji usiwe na haraka. Wanazuoni wetu walipozungumza juu ya kusikiliza nyimbo, wako walioshadidi na wako waliolegeza. Sitaki leo kuufungua mlango wa nyuzi na dufu. Mwenye madhehebu ya Shafi na ashike aliyosomeshwa, nami katika madrasa yangu nyuzi haziingii. Lakini hata wale waliolegeza hawakulegeza ovyo. Imamu Ghazali katika Ihya ametaja neno lililopokewa kwa Junaid, kwamba kusikiliza kwataka vitu vitatu: wakati wake, mahali pake, na wenzi wake. Kimoja kikikosekana, ni bora kuacha. Tazama hadithi ya wale vijakazi wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha. Abubakar alipowakemea, Mtume (S.A.W.) alimwambia awaache, na sababu aliyoitaja ni kuwa siku ile ni Idi. Wakati ulikuwako, mahali ni nyumbani, na wenzi ni watu wa nyumba. Mwenye kuichukua hadithi hii akaifanya ruhusa ya kila jukwaa, ameichukua nusu yake.

Na ajabu ni kwamba Mgogo, hata asiyejua Ghazali ni nani, ameishi kwa kanuni kama hiyo. Ngoma yake ina msimu. Baada ya mavuno, ghala zikiwa na uwele na mtama, hapo ngoma huchezwa. Muheme, ngoma ipigwayo na wanawake, ina shughuli zake, na khasa mambo ya jando. Si kila wimbo huimbwa na kila mtu mbele ya kila mtu. Mzee wa Chamwino ukimwambia akuimbie wimbo wa jando wakati wa kupanda, atakutazama kama ulivyomtazama mtu aliyesoma talkini harusini.

Basi tuyachukue mambo hayo matatu tukayapime huko Uingereza. Tamasha lao lililo mashuhuri zaidi ni la Glastonbury, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la bwana mmoja, Michael Eavis, aliyelianzisha mwaka 1970 kwa tikiti ya pauni 1 na maziwa ya bure. Mwaka 2024 tikiti yake ilikuwa pauni 355, bila ya ada, na watu wanaokusanyika hupita laki mbili, katika mahema na matope. (Kila baada ya miaka kadha huliacha shamba lipumzike majani yaote, kama mwaka 2026. Hilo Mgogo mfugaji angelisifu kuliko muziki wote.) Tamasha la WOMAD, ambalo ndilo lililowaita akina Zawose, lilianza 1982, na mara ya kwanza likaingia khasara kubwa mpaka huyo Peter Gabriel akafanya onyesho na wenzake wa zamani kulipa madeni. Mwaka 2025 huko Uingereza halikufanyika kabisa. Nayataja haya mjue kwamba hii ni biashara, ina faida na khasara kama duka la nguo. Sisemi biashara ni dhambi. Nasema mwenye duka akikuita dukani mwake, hakukupa cheo cha uwalii.

Wakati: ni kiangazi chao, mwezi wa Juni mpaka Agosti. Mwisho wa Juni jua halichwi huko ila karibu na saa 3 na nusu usiku, na alfajiri huingia watu hawajalala bado. Kijana asiyeangalia, Magharibi yake na Isha yake zitapotea kati ya jukwaa na hema. Mahali: ni uwanja wenye vibanda vya bia kila upande. Wenzi: ni watu waliokuja kufurahi, na haki yao kufurahi, ila hawajui neno moja la lugha unayoiimba. Mgogo akisema, "Baba yangu alikufa kwa kiu," watapiga makofi. Akisema, "Leo nimeona," watapiga makofi yale yale. Je, huyo amekusifu wewe, au ameisifu furaha yake mwenyewe? Shahidi asiyejua lugha ya madai kadhi hamkubali. Vipi basi makofi yake yawe ushahidi katika dini yetu?

Mtu atasema, "Sheikh, muziki hauna lugha, roho yafahamu." Maneno hayo ni matamu na yamewagharimu watu wengi. Wale watu weusi wa Mississippi, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika, na miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo Waislamu wengi wa Afrika Magharibi, walikuwa na nyimbo zao za taabu za mashamba ya pamba, ziitwazo bluzi. Katika miaka ya sitini vijana wa Kiingereza walizisikia katika santuri, wakazipenda kweli, wakazitia gitaa la umeme na ngoma kubwa, wakatajirika. Kundi la Rolling Stones hata jina lake limetoka katika wimbo wa Muddy Waters. Mpaka leo kila kiangazi mashamba yale ya Uingereza yana bendi zinazopiga bluzi hiyo iliyotiwa umeme, na wapigaji wengi ni wana wa miji ambao shamba la pamba hawajaliona. Roho ilifahamu, sawa. Na mfuko je? Willie Dixon, mtunzi wa Kimarekani mweusi, alilazimika kuwapeleka mahakamani Led Zeppelin mwaka 1985 kwa maneno yake yaliyoingia katika wimbo wao mkubwa, wakapatana 1987. Na Solomon Linda wa Afrika ya Kusini, aliyerekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939, aliuuza kwa shilingi 10. Wimbo ule ukazunguka dunia nzima na filamu za watoto, na yeye akafa maskini 1962. Warithi wake hawakupatana na wenye mali ila 2006.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara ameteremsha aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na hiyo aya ndefu haizungumzi Pepo wala Moto. Yazungumza deni, liandikwe, kwa mwandishi mwadilifu na mashahidi. Nchi yetu nayo ina sheria ya hakimiliki tangu 1999. Mgogo au Mpwani, mwenye kufanya kazi ya halali na wageni na aandike, na asitie sahihi asichokisoma. Hili ni la wote.

Lakini dhikri si kazi ya kuandikiana bei, na hapa nataka mnisikilize kuliko mahali pengine pote.

Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan alikuwa msomaji wa qawwali, yaani zile kasida za masufi wa Bara Hindi, alizozirithi kwa mababa. Mwaka 1985 alisoma katika tamasha hilo hilo la WOMAD, kisiwani Mersea, mkoa wa Essex. Watu wakapagawa. Mwaka 1990 Real World ikatoa sahani yake, Mustt Mustt, akishirikiana na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Fundi alipokuwa akikata na kuunga ukanda ili sauti zikae vizuri na gitaa, alilikata fungu la maneno katikati, maneno yakabaki hayana maana. Nusrat hakukubali, ikabidi baadhi ya mahali parudishwe. Si mimi niliyemzulia, Michael Brook mwenyewe amelieleza jambo hili waziwazi, kama mtu mwungwana. Hakukusudia ubaya. Alikuwa akisikia sauti tu, na kwa mwenye kusikia sauti tu, neno ni kama kitambaa, hukatwa penye kipimo. Kisha mwaka 1994 sauti ya mtu huyo wa kasida ikatiwa ndani ya filamu ya Kimarekani, Natural Born Killers, ambayo khabari yake ni mume na mke wanaozunguka wakiua watu. Na huyo huyo Michael Brook ndiye baadaye aliyetengeneza na Hukwe Zawose sahani ya Assembly, zeze la Ugogo na gitaa la umeme.

Sasa fikiri, msomaji. Wimbo wa Mgogo ukikatwa katikati, imepotea hekima ya mzee, nayo ni khasara. Dhikri ikikatwa katikati ni nini? Shahada yetu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni "La ilaha", yaani "Hapana mungu". Msomaji akiishia hapo kwa kusudi, akaacha "illa Llah", amesema neno la kafiri! Kila mtoto wa chuo alionywa asivute pumzi hapo. Nanyi mwataka kumpa ukanda wa dhikri fundi asiyejua nusu ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi, mkasi mkononi, naye atafuta pale panapogongana na ngoma? Na akiisha kata, sauti ile ya "La ilaha" ikarudiwarudiwa chini ya gitaa katika kilabu cha pombe, mtamwambia nini Mola wenu? Kwamba Wazungu walipiga makofi?

Hili silisemi kwa kubuni. Baba mmoja wa Pwani, aliyekuja Dodoma kwa shughuli zake, aliniletea karatasi. Mwanawe wa miaka 19 yumo katika kikundi cha dufu na dhikri, na wakala mmoja amewaahidi safari ya matamasha ya kiangazi. Karatasi ilikuwa kurasa 2 za Kiingereza. Ilitaka dakika 45, wala zaidi. Ilitaka kanzu na vilemba "vya asili", na ubani ufukizwe jukwaani. Ilitaka maneno ya mwanzo, yaani Fatiha na dua, yafupishwe. Malipo ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Na mwisho, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba sauti na picha za vijana ni ruhusa kutumiwa kwa njia yoyote, mahali popote, milele. Nilimsomea neno kwa neno. Alipofika pale pa Fatiha kufupishwa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Sheikh, si labda wana haraka?" Nikamwambia, "Ndiyo, wana haraka. Baada ya vijana wako itapanda bendi ya magitaa."

Wako watakaosema kwamba hiyo ni da'wa, ati tuwafikishie Wazungu jina la Mwenyezi Mungu. Ndugu zangu, da'wa ni kumfikishia mtu maneno ayafahamu, ama akubali ama akatae. Mitume wote walipelekwa kwa lugha za watu wao ili wawabainishie. Kijana anayezungusha kichwa ndani ya moshi wa ubani dakika 45 mbele ya watu wasiofahamu, amebainisha nini? Amebainisha kwamba Waislamu wa Afrika wana mavazi meupe mazuri. Mtu akitaka da'wa Uingereza, miji yao imejaa misikiti na madrasa, na ndugu zetu wa Kisomali na wa Pwani wako huko. Na aende akasomeshe.

Wengine watasema madrasa zetu ni maskini na mabati yavuja. Kweli yavuja, ya kwangu yavuja pembe mbili. Lakini karatasi ile haikuwa na bati hata moja ndani yake, nimeisoma mara tatu.

Na wengine, hawa ndio hodari wa maneno, watasema, "Mbona Maulidi ya Homu ya Unguja imekwisha pandishwa majukwaa ya matamasha?" Nami nauliza, tangu ilipopanda jukwaani, imezidi watu kumswalia Mtume au imezidi picha? Homu ni watu waliopiga magoti safu moja, bega kwa bega, wakijiinamisha kwa adabu kama majani ya mpunga. Ukiisha wapa mgongo wasomaji wenzao na uso wakauelekeza kwa watazamaji wa tikiti, umebadilisha kibla cha kikao. Mavazi ni yale yale, na maneno ni yale yale, ila yule anayesomewa siye. Akina Zawose wakigeuza nyuso kwa watazamaji, wamefanya ufundi wao mbele ya wateja wao. Msomaji wa maulidi akifanya hivyo, amefanya riya, na riya hamhitaji mimi kuwaeleza ni ndugu wa nini.

Ndiyo sababu nasema mfano wa Wagogo hauwafai mlioushika. Wao waliuza kilicho chao, na wakidhulumiwa bei wana haki ya kudai. Nyinyi mwataka kuuza amana.

Baba yule nilimwambia hivi. Karatasi na irudishwe bila ya sahihi. Vijana na waendelee na dhikri yao usiku wa Ijumaa kama walivyofundishwa, milango wazi, na mgeni yeyote, Mzungu au Mhindi, anayetaka kuja na avue viatu, akae kwenye jamvi, na awepo mtu wa kumfasiria tangu Fatiha ya kwanza mpaka Amin ya mwisho. Ikichukua saa 3, ni saa 3. Akichoka, kahawa ipo. Aliniuliza, "Na mwanangu aliyekwisha jiandalia pasi ya kusafiria?" Nikamwambia pasi haiozi, miaka 10 yake ni mingi, aitumie kwenda Makka.

Nanyi wenye kumtaja Mgogo barazani, treni ya umeme toka Dar es Salaam hadi Dodoma inakwenda tangu 2024, safari ya saa 4 hivi. Njooni baada ya mavuno, mwezi wa Juni au Julai. Nendeni Chamwino, ambako Wagogo wenyewe wamekuwa na tamasha lao la ngoma, au Mpwapwa, au Bahi. Sikualikeni kucheza. Nakualikeni mkae na mzee mmoja mumwulize maneno yake yana maana gani, jambo ambalo katika miaka yote ya kucheka hatukulifanya. Kigogo kikiwashinda, katika madrasa yangu wako watoto watakaowafasiria bila ya malipo, ila msije kuwachukua kabla ya Adhuhuri, wana somo la tajwidi.